Alipojifunza Kuruka kwa Mgongo

Mwaka ambao magodoro ya sponji yalianza kufika Songea kwa wingi, yamefungwa kamba juu ya malori yaliyotoka Dar es Salaam, mimi nilikuwa fundi wa magodoro ya sufi mtaa wa Lizaboni, na mke wangu alikuwa ametimiza miezi minane tangu tumzike. Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yalinikuta pamoja. Nilikuwa na muda mwingi na kazi kidogo. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na binti yetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la saba. Kaka zake walikuwa wamekwishaondoka kutafuta maisha.

Binti huyo alikuwa mrukaji. Simsifu kwa kuwa ni wangu. Pale shuleni kulikuwa na nguzo mbili za mti zenye misumari, juu yake inalazwa fito ya mwanzi, na chini kuna shimo la mchanga. Yeye alikuwa anakuja mbio kwa ubavu, anarusha mguu mmoja juu ya fito, kisha wa pili, miguu inafunguka na kufunga kama mkasi, halafu anatua wima mchangani kana kwamba ameshuka ngazi. Watoto waliita kuruka mkasi. Kwa mkasi huo alikuwa amefika mita moja na thelathini na tano, akawashinda wasichana wa shule zote za mjini.

Tangu mama yake afariki alikuwa ameacha mambo mengi. Aliacha kuimba akichota maji. Aliacha hata kugombana na watoto wa jirani, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana alikuwa mgomvi hodari. Kitu kimoja tu alikuwa bado anakifanya kwa moyo wote, kuruka. Nilikuwa napitisha baiskeli upande wa shule jioni hata kama sina safari, nimwone akienda juu. Nikishamwona narudi nyumbani kupika.

Basi akaja mwalimu mpya wa michezo. Kijana mwembamba, mtu wa Tanga, mpole wa maneno, alikuwa amevaa koti zito la mitumba kwa sababu baridi yetu ya Juni ilimtesa. Alinikuta barazani nachambua sufi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuomba godoro."

"La mtu mmoja au la wawili?"

"La kuangukia."

Nikamtazama. Akaketi, akanieleza kwamba chuoni alifundishwa mtindo mwingine wa kuruka. Mrukaji anakuja mbio, anageuka, anaipa fito mgongo, anapita juu yake chali, kichwa kwanza, na kuanguka kwa mabega.

"Kwa nini aipe mgongo?" nikauliza. "Fito imemkosea nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo lilinikaa. Alisema binti yangu kwa mkasi amefika mwisho. Mguu hauwezi kupanda zaidi ya hapo ila arefuke, na kurefuka ni kazi ya Mungu. Lakini kwa mgongo bado ana nafasi kubwa. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamebaki majuma saba. "Ila lazima nikwambie ukweli, Fundi. Mwanzoni atashuka. Atakuwa mbaya kuliko alivyokuwa. Kazi yangu na yako ni asikate tamaa kabla hajapanda tena."

Nikasema sawa. Sikujua ninakubali nini.

Godoro lenyewe nililishona kwa magunia ya tumbaku, yale ya hesiani, manne kwa manne. Ndani nilijaza sufi ya zamani niliyokuwa nayo stoo, ambayo wateja waliokuwa wanakimbilia sponji hawangeinunua tena. Lilikuwa kubwa kama kitanda cha jitu. Harufu ya tumbaku haikutoka hata baada ya kulianika siku tatu, na kila mtoto aliyeliangukia alipiga chafya. Ile siku tunalipeleka shuleni kwa mkokoteni, watu wa sokoni waliuliza nani anaoa.

Mwalimu akaonyesha mwenyewe jinsi ya kuruka. Alivua koti, akaja mbio, akageuka, akapaa vizuri kabisa, na suruali yake ikapasuka toka kiunoni hadi gotini. Watoto walilala chini kwa kicheko. Yeye akafunga koti kiunoni, akasema, "Umeona? Hivyo, lakini bila kupasuka."

Binti yangu naye alicheka, siku hiyo ya kwanza. Alijaribu, akaja mbio, alipofika kwenye fito mwili ukakataa kugeuka, akaikalia. Akacheka. Akajaribu tena, akaikalia tena. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya nne hakucheka.

Ilikuwa kama alivyosema Mwalimu, lakini kusikia jambo si sawa na kuliona. Mtoto aliyekuwa akipita mita moja na thelathini bila kuhema, sasa alikuwa anaangusha fito iliyowekwa usawa wa kiuno changu. Visichana vya darasa la tano vilikuwa vinapita kwa mkasi pale pale alipoangusha yeye. Na watoto hawana huruma.

"Bingwa wa kuketi!"

"Dada, unaruka au unatafuta kiti?"

"Mleteeni na meza basi!"

Juma la tatu alirudi nyumbani, akaikunja kaptula yake ya michezo, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za mama yake ambazo nilikuwa sijazigawa. Akasema, "Baba, kesho siendi. Nina kazi ya kupalilia bustani."

Bustani ilikuwa na matuta mawili ya mchicha. Nilitafuta neno la kumwambia. Mama yake angelipata mara moja, angemwambia kitu cha kumkasirisha kidogo na kumchekesha kidogo, na kesho yake mtoto angekwenda. Mimi nilisema tu, "Haya, mwanangu," nikaenda kupuliza moto.

Asubuhi nilimfuata Mwalimu, nikamwambia kazi imenishinda. Hakunilaumu. Alisema kosa ni lake, amemwachia mtoto siku nyingi zinazoisha kwa fito kuanguka. "Mtoto asilale na fito iliyoanguka," alisema. Tangu siku hiyo alibadili utaratibu. Kila jioni walianza kwa mkasi, mara mbili tatu, kwa kimo anachokiweza, ili akumbuke kwamba yeye ni yule yule. Kisha mgongo. Na kabla ya kwenda nyumbani, mkasi tena, apite, aondoke amepita. Fito ya mgongo akaishusha mpaka magotini. Siku mbili nzima hawakuruka kabisa. Walisimama na kuanguka chali juu ya godoro, wamefumba macho, wakipiga chafya.

Na wale wachekaji aliwapa zamu. Yule msichana wa "mleteeni na meza" aliambiwa aruke kwa mgongo. Alikuja mbio kwa kiburi, akageuka mapema mno, akaanguka kabla ya fito na mguu mmoja umenasa kwenye nguzo. Binti yangu ndiye aliyekwenda kumtoa. Nilikuwa nimesimama na baiskeli yangu, nikamsikia anamwambia, "Pole dada. Kiti umekiona lakini?"

Ule ugomvi wake ulikuwa unarudi. Nilipanda baiskeli, nikaenda zangu nikitabasamu njia nzima, na mtu mmoja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Kaptula ilitoka chini ya sanduku. Fito ikaanza kupanda, vidole viwili leo, vidole viwili keshokutwa. Kijiti cha kupimia cha shule kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo Mwalimu alimtuma binti yangu aniombe futi yangu, ile ya kitambaa ninayopimia vitanda. Nikampa. Nilifurahi hata futi yangu kuwa na kazi.

Siku aliyopita mita moja na thelathini na tano kwa mgongo nilikuwepo. Kile ndicho kilikuwa kimo chake cha zamani, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa siku ya kulingana na nafsi yake. Mwalimu aliinua futi, akasoma kwa sauti, akasoma tena. Binti yangu alirudi nyuma, akasimama kitambo, akaja. Aligeuka kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba, akapaa, kifua juu, mgongo ukaipita fito bila kuigusa, na sufi ikampokea kwa sauti ile ninayoijua, *pufu*.

Nilipiga kelele. Sikujua kama bado ninayo kelele ya namna ile. Nilirusha kofia, baiskeli ikaanguka, nikaenda kumkumbatia mwalimu wa watu kwa nguvu mpaka akasema, "Fundi, mbavu!" Watoto wakaanza kupiga vigelegele, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa ninamsimulia binti yangu alivyoruka, kana kwamba yeye hakuwepo. Alikuwa ananisikiliza na kutabasamu.

Siku mbili baadaye alikuja mteja. Mtumishi wa serikali kutoka Moshi, alihamishiwa kwetu na kitanda chake, akasema sponji inamtoa jasho na anataka sufi. Wateja wa namna hiyo walikuwa wachache, nikaenda kwake haraka. Nikapima upana wa kitanda. Futi ikasema sentimita mia na ishirini na tano. Nikaandika mia na ishirini.

"Fundi, mbona unaandika pungufu?" akauliza.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Futi hii mwanzo wake uliungua. Mke wangu aliiwekea pasi ya mkaa juu yake, zikaondoka sentimita tano za kwanza. Kwa hiyo chochote inachosema, natoa tano."

Maneno yalinitoka mdomoni kwa mazoea, kama nilivyowaambia wateja mia. Kisha nikayasikia. Nikabaki nimeinama juu ya kitanda cha watu, futi mkononi. Mteja akaniuliza kama mgongo umenishika.

Mita moja na thelathini na tano, toa tano. Binti yangu alikuwa amepita mita moja na thelathini. Hakuwa amelingana na nafsi yake. Alikuwa bado yuko chini, na mkasi wake ulikuwa bado bora kuliko mgongo. Na mimi, ambaye mtaa mzima ulinijua kwa kutodanganya kipimo, ndiye niliyempa futi mbovu bila neno.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alisikiliza, akashika kichwa.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie, Fundi. Nakuomba sana, mzee wangu. Yamebaki majuma mawili. Mtoto sasa hivi anaamini. Ukimtoa hapo, hatutamrudisha tena. Acha apande, akifika thelathini na tano ya kweli itakuwa haina neno."

"Na siku ya mashindano, wakipima kwa kijiti cha kweli?"

"Siku hiyo hatajua. Fito ni fito."

Sikubishana naye. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amesoma kuliko mimi. Nilinyamaza siku tatu, na kwa siku hizo tatu sikushona mshono ulionyooka. Nilimlisha mtoto chakula kilichoungua. Nilikuwa nikimwona anaondoka kwenda mazoezini mwenye furaha, nasema moyoni, furaha hiyo nimeiazima pasipo na mwenyewe. Nilijaribu kujiambia kwamba mama yake angenyamaza pia. Haikuwa kweli. Mama yake ndiye aliyekuwa akipaza sauti kutoka jikoni kila nikipima kitu, "Toa tano, Baba, usije ukatuaibisha!" Hata mlevi wa pombe ya komoni akipita na kujisifu barabarani, alikuwa ananong'ona, "Toa tano," tunacheka.

Jumapili baada ya Misa tuliketi nyuma ya nyumba kuchambua sufi ya godoro la yule mtu wa Moshi. Tulikuwa weupe wote wawili, nywele na nyusi. Nikasema, "Mwanangu, nina neno. Ile siku niliyopiga kelele."

"Eeh, Baba."

"Futi ile."

Akaendelea kuchambua. "Toa tano," akasema.

Nikamtazama. "Unajua?"

"Baba, mimi nimeshika mwisho wa futi ile tangu sijaanza shule. Nisijue?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipompelekea Mwalimu. Alipoisoma mara ya kwanza nilitaka kumwambia. Halafu nikasema ngoja niruke kwanza. Nilikuwa nikitoa mwenyewe, kimya kimya. Akisema ishirini na tano, mimi najua ni ishirini. Akisema thelathini na tano, najua ni thelathini."

"Na thelathini ulikuwa unaipita kwa mkasi umelala. Kwa nini ulifurahi?"

"Kwa mgongo sikuwa nimeipita hata siku moja! Kwa mgongo ilikuwa ni ya kwanza." Alinitazama kama anayemfundisha mtu mgumu. "Si kitu kimoja, Baba."

"Sasa kwa nini hukutuambia baadaye?"

Alikuwa anatoa kokwa ndani ya sufi moja moja, anazitupa kwenye kopo.

"Ulipiga kelele," akasema. "Ulirusha kofia. Tangu mama, hujapiga kelele hata kwa kuku. Ningesemaje toa tano?"

Siku zote hizo mimi na Mwalimu tulikuwa tunanyata, tunaogopa kuuvunja moyo wa mtoto. Kumbe mtoto alikuwa ananyata kwa ajili yangu. Aliniona nafuta uso kwa mkono wa shati, akasema, "Sufi imekuingia machoni," na mimi nikakubali kwamba ni sufi, na huo ndio uongo pekee tuliouacha hapo.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa Mwalimu. Alipoambiwa kwamba mwanafunzi wake alikuwa anajua tangu mwanzo, aliketi kwenye ukingo wa lile godoro na kusema, "Basi mjinga hapa ni mimi peke yangu." Binti yangu akamwambia, "Hapana Mwalimu, na Baba pia." Tukaendelea. Sasa Mwalimu akawa anasoma futi kwa sauti, na watoto wote uwanjani wanaitikia kwa pamoja, "Toa tanooo!" Mpaka siku ya mwisho ya mazoezi alikuwa amefika thelathini na tatu, za kweli. Thelathini na tano alikuwa bado hajaipita.

Mashindano ya mkoa yalifanyika pale pale mjini, kwenye uwanja mkubwa. Tulipokwenda kukagua, sehemu ya kurukia ilikuwa na mchanga mtupu, kama kawaida, kwa sababu wengine wote waliruka mkasi. Kuangukia mabega mchangani ni kuvunja shingo. Basi asubuhi na mapema mimi na Mwalimu tukasukuma lile godoro kwa mkokoteni hadi uwanjani. Mwamuzi, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, akatuzuia.

"Hili la nani?"

"La kwangu, ndugu mwamuzi."

"Ni la mtoto mmoja au la wote?"

Sikuwa nimefikiria hilo. "La wote," nikasema.

Alilizunguka, akalibonyeza, kisha akaketi, kisha akalala kabisa na filimbi yake. "Fundi, ukiniacha hapa," alisema akitazama mawingu, "mashindano hayataanza leo." Akapiga chafya, akainuka, akaruhusu.

Wasichana wa Tunduru na Mbinga walilifurahia kuliko walivyofurahia kuruka. Walikuwa wanaruka mkasi kisha wanajitupa tu makusudi. Kulikuwa na msichana mmoja wa Tunduru, kutoka upande wa Nakapanya, mrefu, mtulivu, amevaa sketi ya shule iliyokunjwa kiunoni. Alipita kila kimo kana kwamba anaruka mfereji.

Ishirini na tano, binti yangu akapita kwa mgongo. Watu waliokuwa hawajawahi kuona mtu akiruka chali walisimama. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Uwii, ameanguka!" na mwenzake akamwambia, "Hajaanguka, ndivyo anavyoruka." Thelathini, akapita tena. Walibaki watatu, kisha wawili, yeye na yule wa Tunduru.

Fito ikawekwa thelathini na tano.

Mara ya kwanza akaigusa kwa kisigino, ikaanguka. Yule wa Tunduru akapita. Mara ya pili binti yangu aligeuka vibaya, akaikalia, kama zile siku za mwanzo. Nilisikia kicheko kikipita uwanjani. Nikaona mabega yake yanashuka.

Mwalimu akamkimbilia. Nilikuwa karibu, nikamsikia. "Bado moja. Ruka mkasi. Mkasi unaiweza hii, uliipita mwaka jana. Si aibu, sheria inaruhusu."

Alikuwa anasema kweli. Na mimi nilitaka aruke mkasi. Nasema wazi, nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote. Moyoni nilikwisha kumwona anarudi nyumbani na kuikunja tena ile kaptula. Binti yangu aligeuza uso kunitafuta mimi, na nilijua akiuona uso wangu ataisoma hofu yangu yote, maana sijui kuficha. Sikutaka aruke na hofu yangu. Nikageuka upande wa pili, nikatazama milima ya Matogoro, nikaitazama kama mtu aliyepewa kazi ya kuihesabu miti.

Nikasikia hatua zake. Nikasikia kimya. Kisha *pufu*, na kisha uwanja mzima ukapiga kelele, na Mwalimu akanirukia mgongoni. Nilipogeuka, fito ilikuwa juu ya misumari yake inatetemeka kidogo, na binti yangu amelala chali juu ya sufi, mikono ameinyoosha, anaicheka. Hakutaka kuinuka. Mwamuzi alimpulizia filimbi. "Binti, toka, mwenzako anasubiri!"

Thelathini na nane hakuiweza, mara zote tatu. Yule wa Tunduru aliipita kwa mkasi, mara ya pili. Alikuwa bora kuliko sote, na alimshika binti yangu mkono akamwomba amwonyeshe kile kitu cha mgongo. Walikaa pale muda mrefu, wanaangushana kwenye godoro, mpaka waamuzi wakaja kung'oa nguzo.

Tulirudi jioni na mkokoteni. Mwalimu anavuta, mimi nasukuma, na mshindi wa pili wa mkoa amekaa juu ya godoro anakula mua. Tulipofika karibu na mtaa wetu akaniuliza.

"Baba, uliona nilivyogeuka ile ya tatu? Nilichelewa kidogo makusudi. Uliona?"

Ningeweza kusema niliona. Mtoto alikuwa amefurahi.

"Sikuona," nikasema. "Nilitazama milimani."

"Hukuona?"

"Niliogopa. Sikutaka unione ninaogopa."

Mwalimu alisimamisha mkokoteni. Binti yangu aliacha kutafuna. Nilidhani nimeiharibu siku. Kisha akaruka chini, akatupa ganda la mua, akasema, "Shusheni godoro."

"Hapa barabarani?" Mwalimu akauliza.

"Hapa."

Tukalishusha pembeni, mbele ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo. Binti yangu akaazima kanga yake, akaisokota ikawa kamba, akampa Mwalimu ncha moja na mwenye kanga ncha nyingine.

"Mimi nashika," mama wa mihogo akasema, "lakini akinipiga teke, nani atanikaangia?"

"Inueni zaidi," binti yangu akawaambia. "Zaidi. Mama, nyoosha mkono."

Alirudi nyuma mpaka upande wa pili wa barabara. Akangoja baiskeli mbili zipite. Akanitazama mimi kwanza, na safari hii nilibaki namtazama, hofu yangu yote iko wazi usoni, akaiona, akaja. Alichelewa kidogo kugeuka, makusudi, kama alivyosema. Nikaona jinsi bega linavyotangulia, jinsi kidevu kinavyoinuka, jinsi kwa kitambo kidogo mwanangu alivyokuwa amelala hewani juu ya kanga ya watu, macho yake mbinguni, hana haraka. Kisha akashuka kwa uzito wake wote, na mshono wangu wa gunia ukafumuka toka pembe hadi pembe.

Sufi ilitoka kama moshi. Ilipanda, ikatawanyika barabarani, ikaingia kwenye karai la mihogo, ikatua kwenye koti la Mwalimu na kwenye nywele za mama aliyekuwa bado ameshika ncha ya kanga. Watu wakatoka majumbani. Mama wa mihogo akapiga kelele kuhusu mafuta yake, mimi nikapiga kelele kuhusu nilichokiona, na binti yangu alikuwa katikati ya ule weupe anapiga chafya na kucheka, anawaambia majirani walioanza kuikimbiza sufi kwamba wasiikanyage, ni mali ya baba yake.